Istilahi za Msingi za Fasihi kwa Wanafunzi wa Shule za Msingi: Maana, Mifano na Tofauti Zake

Istilahi ni neno lenye maana maalumu katika taaluma fulani. Fundi seremala ana istilahi zake, mvuvi ana zake, na msomaji wa fasihi ana zake vilevile. Mwanafunzi wa shule ya msingi hukutana na istilahi za fasihi mapema: methali, nahau, mhusika, dhamira, ubeti, vina, tashbihi. Mara nyingi huzikariri pamoja na fasili zake, akazitoa neno kwa neno siku ya mtihani, kisha akishapewa hadithi asiyowahi kuisoma hushindwa kuonyesha hata moja kati ya zile alizozikariri.

Sababu ya jambo hilo ni kwamba istilahi ya fasihi si jina la kukariri tu. Ni swali ambalo msomaji huiuliza kazi iliyo mbele yake. Neno “mhusika” huuliza: ni nani anayetenda au kutendewa? Neno “mandhari” huuliza: ni wapi, na ni wakati gani? Anayelijua swali atalijibu katika hadithi yoyote. Anayeijua fasili pekee atalijibu katika hadithi ile aliyofundishiwa tu.

Makala hii inaeleza istilahi za msingi kwa njia hiyo, ikitumia hadithi fupi moja na ubeti mmoja wa shairi.

Hadithi ya mfano

Mwaka ule jua lilikuwa kali kama moto wa tanuri, na mbuga nzima ilibakiwa na kisima kimoja tu. Fisi alikimiliki peke yake. Moyo wake ulikuwa jiwe: hakumpa hata ndama tone la maji. Usiku alichimba shimo refu njiani, akalifunika kwa majani, ili atakayekuja kuteka maji atumbukie. Upepo aliona yote. Asubuhi Upepo akamnong'oneza Kobe, naye Kobe akawaonya wenzake, wakakaa mbali. Fisi alingoja hadi jua likazama, akakata tamaa. Njaa ilipomzidi alitoka mbio kwenda kuwinda, akalisahau shimo lake mwenyewe. Pu! Akaanguka. Kobe alifika polepole, akachungulia, akasema: “Mchimba kisima huingia mwenyewe.” Kisha akaenda kuwaita wenzake waje kumtoa.

Fasihi na tanzu zake

Fasihi ni sanaa inayotumia lugha kueleza maisha ya watu. Neno hili ni ndugu wa neno “fasaha”. Yote mawili yana asili ya Kiarabu, na yote mawili yanahusu usemi ulio bora na wazi. Fasihi simulizi hutolewa kwa mdomo na kupokewa kwa masikio. Fasihi andishi hutungwa kwa maandishi na kusomwa. Ngano iliyoandikwa kitabuni haiachi kuwa na asili ya simulizi, kwani kitabu kimeihifadhi tu.

Utanzu ni aina kubwa ya kazi ya fasihi. Wingi wake ni tanzu. Ngano ni hadithi ya kimapokeo, na ile ambayo wahusika wake wengi ni wanyama huitwa hurafa au khurafa. Riwaya ni hadithi ndefu ya kubuni iliyoandikwa, kama vile Kusadikika ya Shaaban Robert. Tamthilia huandikwa kwa mazungumzo ili iigizwe jukwaani. Ushairi hupangwa kwa beti na mishororo. Hadithi ya Fisi na Kobe, kwa hiyo, ina sura ya hurafa.

Mhusika na msimulizi

Mhusika ni yeyote anayetenda, kusema au kutendewa katika hadithi. Anaweza kuwa mtu, mnyama, jini au hata kitu kilichopewa uwezo wa kutenda. Katika hadithi ya mfano, Fisi, Kobe na Upepo ni wahusika. Kisima si mhusika, ijapokuwa ndicho chanzo cha kisa chote, kwa sababu hakitendi wala hakisemi.

Mhusika mkuu ni yule ambaye hadithi inamzunguka. Hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea: hudhani kwamba mhusika mkuu ni lazima awe mwema. Swali la kuuliza si “nani mwema?” bali “ni nani ambaye tukimwondoa hadithi itavunjika?” Tukimwondoa Fisi hakuna shimo, hakuna njama, hakuna anguko. Fisi ndiye mhusika mkuu, na ni mwovu.

Msimulizi ni sauti inayotuhadithia. Msimulizi si lazima awe mwandishi mwenyewe. Mwandishi mzee anaweza kubuni msimulizi mtoto, na mwandishi mwanamke anaweza kubuni msimulizi mwanamume. Msimulizi akisema “nilikwenda”, anasimulia kwa nafsi ya kwanza. Akisema “alikwenda”, kama ilivyo katika hadithi yetu, anasimulia kwa nafsi ya tatu. Maneno yaliyomo ndani ya alama za kunukuu hayahesabiwi katika kipimo hiki, maana hayo ni ya mhusika, si ya msimulizi.

Mandhari na msuko

Mandhari ni mahali na wakati wa matukio. Wanafunzi hukumbuka mahali na kusahau wakati. Mandhari ya hadithi yetu ni mbugani, katika mwaka wa ukame. Sehemu ya pili ndiyo yenye uzito zaidi: mwaka wa mvua nyingi, choyo cha Fisi kisingemdhuru yeyote.

Msuko, ambao vitabu vingine huuita ploti, ni mpangilio wa matukio na jinsi tukio moja linavyozaa jingine. Kuorodhesha matukio hakutoshi kuonyesha msuko. “Fisi alichimba shimo. Fisi alianguka” ni orodha. “Fisi alianguka kwa sababu njaa ilimsahaulisha shimo alilochimba” ni msuko. Mwanafunzi anayetaka kuueleza msuko na atumie maneno “kwa sababu”, “hivyo” na “ndipo”.

Dhamira, maudhui na ujumbe

Istilahi hizi tatu huleta mkanganyiko kuliko nyingine zote, na kosa si la wanafunzi peke yao. Katika vitabu vingi vya Tanzania, maudhui ni jumla ya mawazo yote yaliyomo katika kazi ya fasihi, na dhamira ni wazo kuu, au mojawapo ya mawazo makuu, ndani ya maudhui hayo. Katika vitabu vingi vya Kenya, maudhui ni mambo yanayozungumziwa katika kazi, na dhamira ni lengo au kusudi la mwandishi. Kwa hiyo mtoto aliyehama kutoka Arusha kwenda Nairobi anaweza kujibu kwa usahihi kama alivyofundishwa na bado akakosa alama. Mwalimu anayempokea mtoto wa namna hiyo na aulize kwanza kitabu alichokitumia, ndipo asahihishe.

Ujumbe, kwa upande wake, ni funzo ambalo msomaji huondoka nalo. Njia nyepesi ya kuutofautisha na dhamira, kwa maana ya wazo kuu, ni kutazama umbo la jibu. Dhamira hutajwa kwa neno moja au machache: choyo, ushirikiano, malipo ya uovu. Ujumbe hutajwa kwa sentensi kamili: “Anayewatega wengine hunaswa na mtego wake mwenyewe.” Mwanafunzi aliyeulizwa ujumbe akajibu “choyo” amelitaja jambo, lakini hajasema hadithi inafundisha nini kuhusu jambo hilo.

Methali, nahau na kitendawili

Methali ni usemi mfupi wa kimapokeo wenye hekima ndani yake. “Mchimba kisima huingia mwenyewe” ni methali. Methali nyingi zina sehemu mbili, ya kwanza ikiweka hoja na ya pili ikiikamilisha: “Mtaka cha mvunguni / sharti ainame.” Methali hujitegemea, hutamkwa kama ilivyo, nayo huwa ni kauli kamili.

Nahau ni fungu la maneno ambalo maana yake haipatikani kwa kujumlisha maana za maneno yake. “Kukata tamaa” si kukata kwa kisu. “Kutia chumvi” katika mazungumzo si kupika, bali ni kuongeza mambo yasiyokuwapo. “Kupata jiko” ni kuoa.

Kipimo cha kutofautisha viwili hivi kimo katika sarufi. Kitenzi cha nahau hubadilika kulingana na nafsi na wakati: “ametia chumvi”, “watatia chumvi”, “usitie chumvi”. Methali haibadiliki hivyo. Hakuna asemaye “walichimba kisima wakaingia wenyewe” akahesabiwa kuwa ametoa methali. Anaweza kuwa anaidokeza tu. Vilevile nahau huhitaji sentensi ya kuingia, ilhali methali yenyewe ni sentensi au hutumika kama sentensi.

Msemo ni neno pana zaidi. Hutumiwa kwa usemi wowote uliozoeleka katika jamii, hata usio na umbo la methali. Ndiyo maana swali linalotaka “misemo” huweza kupokea majibu mengi, ilhali linalotaka “methali” halipaswi kujibiwa kwa nahau.

Kitendawili ni fumbo linalotaka jibu. Kina utaratibu wake: mtegaji husema “Kitendawili!”, wenzake huitikia “Tega!”, naye hutoa fumbo, kwa mfano “Nyumba yangu haina mlango.” Jibu ni yai. Wakishindwa, mtegaji hudai “Nipeni mji”, na akishapewa ndipo hulitoa jibu. Methali hutoa hekima. Kitendawili huficha kitu. Hiyo ndiyo tofauti yao kubwa.

Tashbihi na sitiari

Tashbihi, ambayo vitabu vingi vya Tanzania huiita tashibiha, hulinganisha vitu viwili vya aina tofauti kwa kutumia neno la kiunganishi: kama, mithili ya, sawa na, kana kwamba, na katika mashairi ya kale, ja. “Jua lilikuwa kali kama moto wa tanuri” ni tashbihi. Sitiari, ambayo wengine huiita istiara au istiari, hulinganisha bila neno hilo: “Moyo wake ulikuwa jiwe.” Asili ya istiara katika Kiarabu ni kuazima: moyo umeazima ugumu wa jiwe.

Wanafunzi hufundishwa kwamba alama ya tashbihi ni neno “kama”. Fundisho hilo ni la kweli nusu, na nusu iliyobaki huwapoteza. “Kama” ina kazi nyingi katika Kiswahili. Zilinganishwe sentensi hizi:

1. Amina anakimbia kama swala.
2. Amina ni mrefu kama dada yake.
3. Walikuja watu kama mia moja.
4. Kama mvua itanyesha, hatutacheza.

Ya kwanza pekee ndiyo tashbihi. Ya pili inalinganisha watu wawili kwa kipimo halisi. Mtu anaweza kuleta utepe akahakikisha. Ya tatu inakadiria idadi. Ya nne inaweka sharti. Kipimo ni maswali mawili: je, vitu viwili vinalinganishwa? Na je, ni vya aina tofauti? Jibu likiwa ndiyo mara zote mbili, hapo pana tashbihi.

Tashihisi

Tashihisi, ambayo pia huitwa uhuishi, ni kukipa kitu kisicho mtu sifa au vitendo vya mtu. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya mtu, ambalo Kiswahili pia kinalo katika umbo la “shakhsi”. Upepo aliyenong'ona ni tashihisi, na Fisi na Kobe wanaopanga, kuonya na kutoa methali ni tashihisi vilevile.

Kiswahili kina alama ya pekee inayomsaidia msomaji hapa, nayo ni upatanisho wa sarufi. Kwa kawaida husemwa “upepo ulivuma”. Katika hadithi yetu imesemwa “Upepo aliona”, na neno limeanza kwa herufi kubwa. Upepo umetolewa katika ngeli yake ukapelekwa katika ngeli ya A-WA, ngeli ya watu na wanyama. Msomaji anapoona kitu kisicho na uhai kimepewa viambishi vya A-WA, ajue kwamba msimulizi amekifanya mhusika. Hata hivyo, kukosekana kwa alama hiyo hakuondoi tashihisi: “Njaa ilibisha hodi” ni tashihisi pia, kwa kuwa kubisha hodi ni kitendo cha mtu.

Tanakali za sauti

Tanakali za sauti ni maneno yanayoiga sauti ya tukio: kuanguka pu, kutumbukia majini chubwi. Vitabu vingi huweka katika kundi hilo hilo maneno yanayotia mkazo bila kuiga sauti yoyote, kama vile nyeupe pe, nyeusi ti, giza totoro. Weupe hauna sauti. “Pe” huonyesha ukamilifu wake tu. Maneno haya hayabadilishwi ovyo. Kila moja lina mwenzake, na kusema “nyeusi pe” ni kosa ambalo sikio la mzawa hulikamata papo hapo.

Istilahi za ushairi

Ufuatao ni ubeti wa mfano:

Kitabu nimekishika, kurasa ninazisoma,
Mambo yamefafanuka, sasa naelewa vyema,
Hata jua likishuka, sitaki kurudi nyuma,
Kusoma sitakuchoka, kusoma ni jambo jema.

Mshororo ni mstari mmoja wa shairi. Ubeti ni fungu la mishororo. Asili ya neno ubeti ni neno la Kiarabu lenye maana ya nyumba, na mfano huo wafaa kukumbukwa: shairi ni mtaa, kila ubeti ni nyumba yenye watu wake. Umoja ni ubeti na wingi ni beti. Kusema “beti moja” si sahihi.

Shairi huitwa kwa idadi ya mishororo katika kila ubeti: miwili ni tathnia, mitatu ni tathlitha, minne ni tarbia, mitano ni takhmisa. Ubeti wa mfano ni wa tarbia, umbo ambalo mshairi wa Mombasa Muyaka bin Haji alilitumia kwa umahiri mkubwa.

Kipande ni sehemu ya mshororo. Kila mshororo hapo juu una vipande viwili vilivyotenganishwa kwa mkato. Cha kwanza huitwa ukwapi na cha pili utao.

Vina ni silabi za mwisho wa vipande zinazofanana kwa sauti. Kina cha kati hapa ni -ka, na kina cha mwisho ni -ma. Kina ni silabi nzima, si irabu peke yake: -ka na -ma zinaishia kwa irabu moja, lakini ni vina viwili tofauti.

Mizani ni idadi ya silabi katika mshororo. Huhesabiwa kwa kutamka, si kwa kuhesabu herufi:

Ki-ta-bu-ni-me-ki-shi-ka (8), ku-ra-sa-ni-na-zi-so-ma (8).

Jumla ni mizani 16. Panapohitajika uangalifu ni kwenye herufi m na n. Katika “mtoto”, m husimama kama silabi peke yake, hivyo neno lina mizani 3: m-to-to. Katika “jambo”, m huungana na b, hivyo neno lina mizani 2: ja-mbo. Atamkaye polepole huku akipiga kofi kwa kila silabi hatakosea.

Kibwagizo, ambacho pia huitwa kiitikio au mkarara, ni mshororo wa mwisho unaorudiwa katika kila ubeti. Kwa ubeti mmoja pekee haiwezekani kujua kama mshororo wa mwisho ni kibwagizo. Ni lazima kuutazama ubeti unaofuata. Usiporudiwa huitwa kimalizio au kituo.

Utenzi, au utendi kama unavyoitwa na watu wa pwani ya kaskazini, hutofautiana na shairi. Mishororo yake ni mifupi, kwa kawaida ya mizani 8 na kipande kimoja. Minne hufanya ubeti. Mitatu ya kwanza hupatana kwa vina, na kina cha mshororo wa nne huendelea kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, ni wosia wa mama kwa binti yake.

Anayesema “nimekishika” katika ubeti wetu huitwa nafsineni, yaani nafsi inayonena. Kama ilivyo kwa msimulizi, nafsineni si lazima awe mtunzi. Shairi linaweza kunenwa na mti, na hakuna atakayedhani kwamba limetungwa na mti.

Jinsi ya kuzitumia istilahi hizi

Mwanafunzi akipewa hadithi mpya, na asianze kwa kutafuta tamathali za usemi. Aanze kwa maswali mepesi: nani, wapi, lini, kwa sababu gani. Akishaelewa kisa, ndipo arudi kutazama lugha, na kila anapotaja istilahi aiambatanishe na maneno yaliyomo katika hadithi. Jibu “kuna sitiari” ni nusu ya jibu. Jibu “kuna sitiari, ‘moyo wake ulikuwa jiwe’, inayoonyesha kwamba Fisi hakuwa na huruma” ni jibu kamili, kwa sababu limetaja jina, limetoa ushahidi na limeeleza kazi yake.

Mtoto anayefikia hatua hiyo hana haja ya kuogopa majina mawili ya jambo moja, tashbihi na tashibiha, sitiari na istiara, mshororo na mstari. Amekwisha kulijua jambo lenyewe, na jina atakalokutana nalo katika kitabu kingine litakuwa ni jina tu.